Daftari moja kwa nchi nne: Tuafikiane kwanza, tununue programu baadaye

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutueleza, hata hivyo, la kufanya pale mali ya mtu mmoja inapoandikwa katika madaftari manne, kwa sarafu nne, chini ya sheria nne, na kila anayeandika akishikilia kwamba lake ndilo sahihi. Hilo ndilo fumbo linalozikabili kampuni nyingi za humu nchini zilizofungua matawi Kampala, Dar es Salaam, Kigali na kwingineko, hasa tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2010.

Jibu ambalo wakurugenzi wengi wamelikimbilia ni kununua programu ya tarakilishi ya kuweka hesabu. Wenye uwezo mkubwa hununua za SAP, Oracle au Microsoft. Wenye uwezo wa kadiri hununua za Sage, au Tally itokayo India. Wauzaji huahidi kwamba mkurugenzi ataketi Nairobi, abonyeze kitufe kimoja, na papo hapo hesabu za nchi zote zijitokeze mbele yake zikiwa zimekwisha kujumlishwa. Ahadi hiyo si uongo mtupu, kwani zipo kampuni ambazo zimefaulu. Lakini ni ahadi inayonyamazia jambo muhimu kuliko yote.

Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba programu ya uhasibu haivuki mpaka ikiwa peke yake. Huvuka ikiwa imebeba uamuzi wa mtu fulani kuhusu jinsi fedha zinavyopaswa kuhesabiwa, na kuhusu ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hesabu hizo zina kasoro. Kampuni isiyoafikiana kwanza juu ya uamuzi huo itakuwa imenunua kwa bei ghali vurugu zile zile ilizokuwa nazo katika makaratasi.

Huenda mwalimu au mwanafunzi anayesoma safu hii akauliza: Hili lanihusu nini mimi nisiyemiliki kampuni? Lamhusu sana. Akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wengi wa nchi hii imewekezwa katika hisa za kampuni zinazofanya biashara nje ya mipaka yetu. Faida inayotangazwa kila mwaka ikiwa imetokana na hesabu zisizoaminika, atakayepunjwa ni mstaafu. Isitoshe, vijana tunaowafunza leo uhasibu na biashara ndio watakaokaa mbele ya tarakilishi hizo kesho, na ndio watakaolaumiwa pindi mambo yakienda mrama.

Kuweka hesabu zinazovuka mipaka si jambo geni katika eneo letu. Kwa zaidi ya miaka arobaini sarafu ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa moja. Halmashauri ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kutumika miaka michache baadaye. Mfanyabiashara aliyekuwa na duka Nairobi na jingine Kampala hakuhitaji kubadilisha fedha alipojumlisha mauzo ya maduka yake. Mambo yalibadilika mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa sarafu yake. Hata hivyo, mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na ndege yaliendelea kuwepo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ikayasimamia.

Jumuiya hiyo iliposambaratika mwaka 1977, ndipo ilipodhihirika jinsi ilivyo vigumu kuafikiana juu ya daftari moja. Nani alikuwa na nini? Injini ya treni iliyokuwa Nairobi ilikuwa ya nani? Deni la shirika lilipaswa kulipwa na nani, na kwa kiwango gani? Mpatanishi Victor Umbricht kutoka Uswisi alitwikwa mzigo wa kuhesabu mali na madeni hayo. Mkataba wa kuyagawanya ulitiwa sahihi mjini Arusha mwezi Mei 1984, yaani takriban miaka saba baada ya mauti ya Jumuiya. Kenya iligawiwa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Kwa maoni yangu, miaka hiyo saba inafaa kukumbukwa na kila mkurugenzi anayedhani kwamba suala la hesabu za nchi kadhaa laweza kumalizwa na mafundi wa tarakilishi katika majuma machache.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na sasa ina wanachama wanane. Itifaki ya sarafu moja ilitiwa sahihi jijini Kampala mwezi Novemba 2013, na lengo lilikuwa sarafu hiyo ipatikane mwaka 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu, na lengo likasogezwa hadi 2031. Kwa hiyo mhasibu wa leo hana budi kuishi na shilingi tatu tofauti, faranga na dola, zote zikipanda na kushuka kila siku.

Hebu tutazame mfano wa kubuni ili tuone ugumu wenyewe. Tuseme kampuni moja ya Nairobi imelipelekea tawi lake la Kampala vipuri vya mashine vyenye thamani ya shilingi 1,000,000 za Kenya, kwa mkopo. Siku hiyo shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Mhasibu wa Nairobi anaandika kwamba anaidai Kampala shilingi 1,000,000. Mhasibu wa Kampala anaandika kwamba anadaiwa na Nairobi shilingi 28,000,000 za Uganda. Kufikia hapo wote wawili wamesema kweli.

Mwisho wa mwezi unafika, na shilingi moja ya Kenya sasa inabadilishwa kwa shilingi 27 za Uganda. Iwapo mhasibu wa Kampala hakuligusa deni lake, lingali shilingi 28,000,000. Makao makuu yanapolirejesha katika shilingi za Kenya kwa kiwango kipya, yanapata shilingi 1,037,037. Nairobi inadai 1,000,000. Kampala inadaiwa 1,037,037. Shilingi 37,037 zimezuka hewani! Hakuna aliyeziiba wala aliyezitoa mfukoni. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinasema wazi la kufanya: deni lililo katika sarafu ya kigeni lithaminiwe upya mwishoni mwa kipindi, na tofauti iandikwe kuwa faida au hasara ya ubadilishanaji wa fedha. Hapa Kampala ilipaswa kupunguza deni hadi shilingi 27,000,000 na kuandika faida ya shilingi 1,000,000 za Uganda.

Programu nzuri yaweza kuifanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Lakini ni lazima iambiwe mambo ambayo haiwezi kujiamulia. Itumie kiwango cha Benki Kuu ya Kenya, cha Benki Kuu ya Uganda, au cha benki ya biashara inayohifadhi fedha za kampuni? Itumie kiwango cha siku gani? Na deni hilo ni la shilingi za Kenya au za Uganda? Kama Nairobi imejibu hivi na Kampala vile, mashine itatekeleza majibu yote mawili kwa uaminifu mkubwa, na tofauti itarudi kila mwezi mithili ya ugonjwa usiopata tabibu.

Mfano huo ni wa nchi jirani zenye sarafu zilizotulia kwa kiasi. Tukisogea kaskazini mambo yanazidi kuwa mazito. Kampuni ya Safaricom ilianza kutoa huduma zake za simu nchini Ethiopia mwaka 2022. Kalenda ya huko ina miezi 13: kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho wa siku tano au sita. Mwaka wa fedha wa serikali ya huko huanza tarehe 8 Julai kwa kalenda yetu, ilhali mwaka wa fedha wa Safaricom huisha tarehe 31 Machi. Fauka ya hayo, bei za bidhaa zilikuwa zimepanda huko kiasi kwamba Ethiopia ikahesabiwa miongoni mwa nchi zenye mfumuko wa bei wa kupindukia, jambo linalowalazimu wahasibu kurekebisha hesabu kwa kufuata faharasa ya bei kabla ya kuzijumlisha na za makao makuu. Kisha mwezi Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliachilia thamani ya birr iamuliwe na soko, na katika muda wa miezi michache sarafu hiyo ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola. Benki zetu zilizoingia Sudan Kusini nazo zimepitia msukosuko wa aina hiyo hiyo. Katika mazingira hayo, faida iliyoonekana kubwa kwa sarafu ya kule yaweza kuwa ndogo mno ikifika Nairobi.

Sasa tuje kwenye ushuru, ambako naona serikali zetu zina lawama ya kubeba. Kila nchi imeamua kuifuatilia kila ankara kwa mitambo. Tanzania ilianzisha mashine zake za kielektroniki za risiti mwaka 2010. Rwanda ikafuata na mfumo wake wa EBM mwaka 2013. Uganda ikaanza kuulazimisha mfumo wa EFRIS mwezi Januari 2021. Kenya, iliyokuwa na mashine za ETR tangu miaka ya 2000, ilileta mfumo wa TIMS na kisha eTIMS mwaka 2023. Kuanzia Januari 2024, gharama nyingi za humu nchini ambazo hazina ankara ya eTIMS hazikubaliwi tena na Mamlaka ya Ushuru wakati wa kukadiria kodi ya mapato.

Nia ya mifumo hiyo ni njema, kwani ukwepaji wa ushuru ni wizi. Lakini kila mfumo una umbo lake la ankara, namba zake za siri, na njia yake ya kuzungumza na tarakilishi za mfanyabiashara. Kampuni yenye matawi katika nchi hizo nne haina budi kuifunza programu yake lugha nne. Viwango vyenyewe havilingani: ushuru wa VAT nchini Kenya ni asilimia 16 kwa kiwango cha kawaida, ilhali Uganda, Tanzania na Rwanda hutoza asilimia 18. Tena viwango hivyo si vya kudumu. Msomaji atakumbuka kwamba Kenya iliteremsha ushuru huo hadi asilimia 14 mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kisha ikaurejesha hadi 16 tarehe 1 Januari 2021. Programu iliyofungwa kwa ufunguo ulio Nairobi au ng'ambo, isiyoweza kurekebishwa upesi na mtu wa tawi, humfanya mhasibu avunje sheria ya nchi aliyomo bila ya kupenda.

Naam, wanaoumia zaidi si kampuni kubwa. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao wakilalamikia mfumo wa EFRIS. Mwenye duka la vitambaa anayenunua Nairobi na kuuza Kampala hana idara ya tarakilishi. Ana karani mmoja na daftari, basi. Laiti serikali za Jumuiya zingekaa pamoja na kukubaliana juu ya umbo moja la ankara, karani huyo angepumua. Mizigo inayopitia Mombasa ilikwisha kupata nafuu pale utaratibu wa himaya moja ya forodha ulipoanza mwaka 2014. Iweje basi shehena ipite na karatasi yake ikwame?

Baada ya kuyaeleza hayo, turejee kwa kampuni zenyewe, maana si haki kuitupia serikali mzigo wote. Mradi wa programu ya uhasibu aghalabu huharibika kwa sababu kampuni haitaki kuamua. Mfano maarufu ni wa Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maduka katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 2018 iliuacha mradi wake wa programu ya SAP baada ya kuuhangaikia kwa takriban miaka saba, na gharama iliripotiwa kuwa karibu Yuro milioni 500. Mojawapo ya mambo yaliyoelezwa kuwa chanzo ni hili: Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zilizo ghalani kwa bei ya kununulia, ilhali programu ilikuwa imeundwa kuzithamini kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuacha desturi yake, kwa hiyo ikataka programu ibadilishwe. Kila badiliko lilizaa jingine, hadi chombo kikawa kizito kuliko mzigo. Swali la bei ipi itumike lingeweza kujibiwa katika mkutano mmoja kabla ya senti ya kwanza kutumika.

Hapa kwetu maswali ya namna hiyo ni tele. Nimewahi kuketi na wahasibu wa kampuni moja yenye matawi katika nchi tatu, ambayo haitakuwa uungwana kuitaja. Fungu lililoitwa "usafiri" lilimaanisha mafuta ya malori kwa mmoja, nauli za wafanyakazi kwa mwingine, na vyote viwili kwa wa tatu. Programu yao mpya ilikuwa imeyajumlisha mafungu hayo kwa miezi kadhaa, na ripoti nzuri yenye rangi ilikuwa ikipelekwa kwa wakurugenzi. Hakuna aliyedanganya, lakini ripoti ilikuwa haina maana. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mhasibu wa kila tawi alikuwa na jedwali lake la pembeni, alilolitunza kwa siri, na ambalo ndilo alilolitegemea alipotaka kujua ukweli. Kampuni ilikuwa na daftari moja kwa jina na madaftari manne kwa hakika.

Kwa nini wahasibu hao hawakusema? Walisema, wakaambiwa kwamba mfumo umekwisha kuidhinishwa. Hapa ndipo pana kiini cha hofu yangu. Programu inapotoka makao makuu, huja na mamlaka ya makao makuu. Karani wa tawi akitofautiana nayo, huonekana kuwa mvivu, mjinga au mwizi.

Wanaodhani kwamba natia chumvi wautazame mkasa wa Posta ya Uingereza. Huo haukuhusu kampuni yenye matawi ng'ambo, lakini ulihusu tawi na makao makuu, na somo lake lafaa popote. Mwaka 1999 shirika hilo lilianza kusambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta vijijini na mitaani. Wasimamizi wa ofisi hizo walilalamika kwamba fedha zipo na mashine ndiyo inayokosea. Hawakusikizwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kuandika hesabu za uongo kati ya 1999 na 2015. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzua upungufu huo, na kwamba hesabu za tawi zingeweza kubadilishwa kutoka mbali bila ya msimamizi wake kujua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Ikiwa hayo yalitendeka katika nchi moja, yenye lugha moja, sarafu moja na mahakama moja, sembuse kwetu, ambako anayeituhumu mashine yuko Kigali na anayeisimamia yuko Nairobi?

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si dhaifu. Watasema kwamba matawi yakiachiwa uhuru, ndipo wizi hupenya; kwamba mkurugenzi ana wajibu kwa wanahisa wa kujua hali ya kila tawi bila ya kusubiri barua; na kwamba desturi za kila tawi zikibembelezwa, hesabu hazitafungwa kamwe. Nakubali kwamba umoja wa taratibu ni wa lazima. Nakubali pia kwamba uhuru wa tawi umewahi kuwa pango la walaghai. Lakini umoja ninaoutetea ni ule uliotokana na maafikiano, na wa kulazimishwa ni kitu kingine kabisa. Mhasibu aliyeshiriki kuandika kanuni hana kisingizio cha kuzivunja. Yule aliyeletewa kanuni kama amri hujifungulia jedwali la pembeni, na humo katika jedwali hilo ndimo wizi unapojificha vizuri zaidi. Makao makuu yanayotaka kuona kila kitu, basi, yaanze kwa kusikia.

Yafanyike yapi? Kwanza, kabla ya programu kununuliwa, wahasibu wa nchi zote waketi pamoja na waandike orodha moja ya mafungu ya hesabu, kila fungu likiwa na maelezo ya kile kinachoingia na kisichoingia. Chini ya kila fungu la pamoja, kila nchi iachiwe nafasi ya vifungu vyake vinavyodaiwa na sheria yake. Msingi wa mazungumzo hayo upo tayari, kwa kuwa kanuni za kimataifa za uhasibu hutumika Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, na majirani wengine nao wanazifuata. Pili, wakubaliane juu ya chanzo cha kiwango cha kubadilishia fedha na siku ya kukitumia, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi.

Tatu, daftari la zamani na jipya yaendeshwe sambamba kwa muda wa kutosha: angalau robo mwaka, na hadi kila tawi liwe limewasilisha ripoti zake za ushuru kwa kutumia mfumo mpya. Najua jambo hili huchosha watu na kuongeza gharama. Hata hivyo, kosa linaloonekana kwa kulinganisha madaftari mawili hugharimu usiku mmoja wa kazi, na kosa hilo hilo likigunduliwa na mkaguzi baada ya miaka miwili hugharimu faini na heshima. Nne, kila badiliko katika hesabu za tawi liache nyayo: nani aliyelifanya, lini, na kwa sababu gani, na asiwepo mtu wa makao makuu anayeweza kulifanya bila ya mhasibu wa tawi kuarifiwa. Tano, iwepo njia rasmi ya mhasibu wa tawi kuandika kwamba haafiki tarakimu fulani, na pingamizi lake limfikie mkaguzi wa hesabu bila ya kupitia kwa yule anayelalamikiwa.

Pana pia suala la kumbukumbu zenyewe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mishahara ya wafanyakazi wa Dar es Salaam ikihifadhiwa katika tarakilishi iliyo nchi nyingine, sheria ya Tanzania ina la kusema. Wakurugenzi waulize mapema, kabla hawajaulizwa mahakamani.

Nawageukia sasa walimu wenzangu na wanafunzi wao. Elimu ya Biashara katika shule zetu za upili huwafunza wanafunzi leja, urari na mizania kwa sarafu moja na nchi moja, kana kwamba mpaka wa Busia haupo. Si vigumu kwa mwalimu kuongeza mfano kama ule wa vipuri nilioutoa hapo juu, na kuwaacha wanafunzi waitafute wenyewe ile shilingi 37,037. Mwanafunzi aliyeipata kwa kalamu na karatasi hataitazama tarakilishi kama mizimu isiyoulizwa maswali. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya nchi za Jumuiya vilikubaliana kutambua vyeti vya wanachama wao, hivyo kijana aliyefuzu Kenya ana njia ya kufanya kazi Uganda, Tanzania au Rwanda. Mlango uko wazi, na ni juu yetu kumwandaa anayeuingia.

Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Maelezo ya programu hizi huja kwa Kiingereza cha wauzaji, na makarani wengi huyakariri bila ya kuyaelewa. Nchi za Jumuiya zimekiri kwa njia mbalimbali kwamba Kiswahili ndicho kiungo chao, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Ikiwa hivyo ndivyo, haifai mhasibu wa Mombasa na wa Mwanza washindwe kuelewana juu ya istilahi za kazi yao, mmoja akisema ankara na mwingine hati ya madai. Istilahi sanifu za uhasibu zikisambazwa shuleni na kazini, orodha ile ya mafungu niliyoitaja itaandikwa kwa lugha ambayo karani na mkurugenzi wote wanaimiliki.

Programu zitazidi kununuliwa, na si vibaya zinunuliwe. Biashara ya nchi hizi haiwezi kuendeshwa kwa vitabu vya mkono milele. Ila kila mkurugenzi anayetia sahihi hundi ya kuilipia programu ajiulize kwanza iwapo mhasibu wake wa Kampala, akiona kosa, atathubutu kulitaja, na iwapo atakapolitaja atasikizwa. Kama jibu ni la, hundi hiyo na isubiri.